Vijana kumi hawabebi leizi: maneno yanayoumiza watu wakati wa kuingiza mashine nyumbani

Siku hizi huku Nyanda za Juu Kusini karakana za nyumbani zimekuwa nyingi, Mafinga mashine ya kuranda mbao iko uani kabisa, Uyole na Mbalizi mtu ana leizi yake ya kukerezea vyuma nyuma ya nyumba, na mimi napenda sana kuona hivyo. Kinachoniuma ni mashine inatoka Dar, inapanda mlima Kitonga salama salimini juu ya lori, halafu inakuja kumvunja mtu mguu hatua chache kutoka mlangoni, kisa maneno ambayo kila mtu anayaamini.

Baya kuliko yote ni hili la "ita vijana kumi tuinyanyue chap". Jamani, leizi ya wastani inafika kilo 1,000 na wakati mwingine inazidi. Gawanya kwa kumi, kila mtu kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji, na hapo ni kama uzito ungegawanyika sawa, kumbe haugawanyiki, upande wenye gia ndio mzito na uzito wenyewe uko juu, ikiinama kidogo tu inalala. Mmoja akiteleza mzigo wake unawahamia wenzake palepale.

Ukweli ni kwamba mashine ya hivyo hainyanyuliwi kwa mikono. Unainua upande mmoja kwa jeki au mtaimbo, sentimita mbili tatu basi, unachomeka mbao ngumu, unahamia upande wa pili unafanya hivyohivyo, mpaka mabomba ya chuma yapite chini, ndio mnaanza kuisukuma taratibu. Watu wanne wanatosha, anayetoa amri ni mmoja, wengine wote wanamsikiliza yeye. Bomba likikaa upande usiingize vidole kulinyoosha, ligonge na nyundo ukiwa pembeni litageuka, na mashine nayo itafuata.

"Jeki imeshika, ingiza tu mkono." Hapana ndugu yangu. Jeki ya mafuta inaweza kuvuja ikashuka, au ikateleza maana ni chuma juu ya chuma. Weka ubao mpana chini yake na kipande cha mbao juu yake, na zile mbao za kuegemezea zisukume kwa kijiti.

Halafu kuna mteremko, na nyumba zetu nyingi ziko kwenye mteremko, Iringa mjini ndio usiseme. Watu wanadhani kushusha ni rahisi kuliko kupandisha. Mteremko wa digrii 10 tu, tani moja inavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kama kilo 170, na ikiwa juu ya mabomba hakuna cha kuizuia. Lazima kuwe na winchi ya mkono imefungwa kwa juu kwenye kitu imara, inaachia kidogo kidogo, na kabari mkononi, na upande wa chini asikae mtu hata kama ni mwenye mashine. Kama ni kipindi cha mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, tandika mbao nene njia nzima au subiri pakauke, huo udongo wetu ukilowa bomba linazama.

"Funga cheni bloku kwenye kenchi," yaani kile kinyanyulio cha mnyororo kining'inie kwenye mbao za paa. Kenchi imejengwa kubeba bati na kuhimili upepo, haikujengwa kuning'iniza tani moja sehemu moja. Na kamba nayo ina mambo yake, ukiifunga fundo inapoteza karibu nusu ya nguvu, na ukinyanyua kwa kamba mbili zilizolala sana, digrii 30 kutoka usawa wa mashine, kila moja inabeba tani nzima badala ya nusu! Zisimame, digrii 60 kwenda juu. Usifunge kwenye shafti wala mikono ya mashine, funga kwenye kitanda chake, ule mwili mrefu wa chuma wa chini, na vile vinavyotelezeka visogeze upande mwepesi uvikaze.

Ikianza kuanguka iache. Watu wanajitupa kuidaka kwa sababu imegharimu hela nyingi, nawaelewa, ila kimbieni, njia ya kukimbilia muiache wazi tangu mwanzo.

Na sakafu utakayoikalishia mashine, zege la jana sio zege, nguvu yake tunaihesabu ikifika siku 28.

La mwisho ni umeme. Wengi wanajua umeme wa fezi tatu, ule wa nyaya tatu zenye moto, ukiwaka basi imeisha, wakati fezi mbili zikibadilishana mota inazunguka kinyume, na kwenye leizi za zamani ambazo chaki, kile kishikio kinachobana chuma kinachokerezwa, inafungwa kwa thredi kama skrubu, inaweza ikajifungua ikaruka ikiwa kwenye mwendo. Toa chaki kwanza, washa kidogo uangalie inazunguka kwenda wapi, ndio uirudishe.