Fa thalai chon: mmea mmoja, nguvu tofauti

Fa thalai chon ni nini?

Ni mmea mfupi wenye vimaua vyeupe, na majani yake ni machungu kama shubiri. Jina lake la Kithai lina maana ya mbingu inayosambaratisha majambazi. Wathai huunywa kwa mafua, homa na koo linalouma. Desemba 2020 wizara yao ya afya iliruhusu utumike kwa wagonjwa wa Korona wenye dalili nyepesi.

Je, kila mche una dawa kiasi kilekile?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kiini chake cha dawa, kiitwacho andrografolaidi, kimo zaidi kwenye majani kuliko kwenye shina. Huwa kingi mmea unapoanza kutoa maua, na hupungua unga ukikaa sana stoo. Anayesaga mti mzima, mashina na yote, anapata unga mwingi wenye dawa kidogo.

Si tofauti ya mbegu tu?

Kwa sehemu. Lakini mmea huu hujichavusha wenyewe, hivyo watoto hufanana sana na mzazi kwa vinasaba. Hata hivyo, miche inayokaribia kuwa mapacha, ikilimwa kwenye udongo tofauti na kuvunwa miezi tofauti, hutoa unga usiolingana.

Mimi mnywaji inanihusu nini?

Inakuhusu kwenye kipimo. Katika mpango ule wa Korona, mgonjwa alipewa miligramu 180 za andrografolaidi kwa siku, yaani 60 mara tatu, kwa siku 5. Sasa chukua kapsuli ya unga wa miligramu 400. Tuseme kiini ni asilimia 4: kapsuli ina miligramu 16, kwa hiyo nne zinatosha kwa mara moja. Kikiwa asilimia 2, utahitaji karibu nane. Kwa macho kapsuli zote ni za kijani, hazina tofauti. Kwa hiyo kwenye lebo usitazame uzito wa unga. Tafuta miligramu za andrografolaidi. Isipoandikwa, mimi nisingenunua.

Nani asiutumie?

Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye mzio nao. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za presha amuulize daktari kwanza. Ukivimba uso au kubanwa na pumzi, acha na uwahi hospitali. Ukiunywa mfululizo kwa muda mrefu, mikono na miguu inaweza kufa ganzi au kulegea.