"Si tulishamulipa?" na uongo mwingine kuhusu majina kwenye makala za tiba

Juzi tena docta mmoja kaniletea makala niangalie takwimu, naona majina ya waandishi pale juu, namuuliza na yule anketeri, mkusanya data, aliyekuwa anapanda vijijini Walungu na Kabare, aliyewasahihishia fomu ya maswali, aliyegundua data za kijiji kizima zimeingizwa vibaya, yeye yuko wapi? Jibu: "Aah, ule si tulishamulipa?" Hapa Bukavu hilo jibu nimelisikia mpaka basi.

Ukweli ni kwamba pesa na jina ni vitu viwili. Profesa naye anakula mshahara, mbona jina lake halikosekani? ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, imeweka masharti manne na yote lazima uyatimize: umechangia kweli kwenye wazo, mpango, data au uchambuzi, umeandika au umerekebisha kwa kina, umekubali toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kazi ikihojiwa (hili la nne liliongezwa 2013). Sasa ujanja uko hapa: anketeri hapewi rasimu, halafu wanasema hafai kwa sababu hakuandika! Kanuni zenyewe zimeukataa huo ujanja, zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kusoma, kurekebisha na kuidhinisha. Basi mpe rasimu, mtumie hata kwa Watsapu, si kazi kubwa. Kama kweli alijaza fomu tu, anaingia kwenye shukrani, kwa jina na kwa kazi aliyofanya, na kwanza akubali kwa maandishi.

Tena hata shukrani zinaweza kuficha mtu. Utafiti 329 wa paroxetine, dawa ya sonona, kwa vijana, 2001, wa kampuni inayoitwa sasa GSK: rasimu iliandikwa na mwandishi wa kulipwa, juu wakakaa maprofesa, yeye akashukuriwa kwa "msaada wa uhariri". Mwaka 2015 BMJ ikachapisha uchambuzi mpya wa data zilezile, dawa haikuizidi plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na madhara yalikuwa mengi. Wyeth nao, kampuni nyingine ya dawa, nyaraka zilizofunguliwa mahakamani 2009 zilionyesha walivyoajiri waandishi wa kuzisifia homoni za wanawake waliokoma hedhi. Hao nao walilipwa, msomaji ndiye hakujua nani ameshika kalamu.

"Shefu wa servisi, mkuu wa idara, lazima awekwe." Hapana. Kusimamia idara au kutafuta pesa, peke yake, hakutoshi. Najua kumwambia mzee hivyo si rahisi, kwa hiyo mpelekee fomu ya jarida inayouliza kila mtu alifanya nini, yeye mwenyewe ajaze sehemu yake. Wengine hapo wanajitoa wenyewe.

"Kumweka rafiki kwenye majina bila kumwambia ni zawadi." Zawadi gani, siku data zikigundulika ni za uongo na yeye ataulizwa.

ChatGPT? Haiwezi kuwajibika kwa lolote, kwa hiyo si mwandishi, sema tu umeitumia wapi.

Na kabla ankete, yaani kukusanya data, haijaanza, kaeni mezani muandike nani atafanya nini na nani ataitwa mwandishi, kila mtu asaini, anketeri naye, kazi ikibadilika mnarekebisha. Siku hizi docta akija kwangu bila hiyo karatasi, takwimu zake sizifungui.