Acheni kuniongezesha nyota

Juzi kaja mteja mwingine hapa Bondeni na picha ya babu yake, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni), tepe tatu mkononi, anataka rangi za mafuta halafu "muongeze nyota kidogo fundi, aonekane mkubwa." Wa ngapi huyu, sijui. Nikamwambia babu yako alikuwa sajenti, na enzi za Keya karibu nyota zote zilikuwa za Wazungu, nikimbandika nyota nitakuwa nimemchora mtu mwingine. Akanuna.

Yaani watu wanaamini mkubwa kwenye picha ya askari ni yule mwenye nyota, yuko katikati, kapanda farasi. Hizo ni picha za kutundika ikulu bwana. Wachoraji wa uhalisia wa karne ya 19 walikuwa wakikuonyesha cheo kwenye miili ya wale wengine, wanasimama vipi mbele ya mkubwa.

Hebu tafuta ile picha ya Winslow Homer, mchoraji Mmarekani, ya mwaka 1866, mateka wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Kaskazini na Kusini, iko makumbusho ya Metropolitan kule New York. Kulia kasimama Barlow, jenerali wa Kaskazini, mbele yake Wakusini watatu, bunduki zimetupwa chini. Wewe angalia mikono tu. Ofisa mateka kashika kiuno, kifua mbele, utadhani yeye ndiye mwenye nyumba anapokea mgeni. Mzee wa pembeni kaikutanisha mbele kama anangoja kusomewa kesi. Yule kijana kaitia mfukoni. Na jenerali? Kaiweka nyuma, hamnyooshei mtu kidole, manake hana haja. Ila yule ofisa hainamishi macho! Mmoja ana jeshi mwengine ana maringo, na mimi kila nikiitazama sijui nani kamshinda nani.

Sasa niseme ukweli, siku nyengine nahisi naona makubwa mno. Mikono ni balaa, fundi yeyote atakwambia, mimi mwenyewe nishawahi kumfichia bwana harusi mikono nyuma kwa sababu vidole vilinishinda. Labda na Homer alichoka. Sidhani, lakini kuapa siapi.

Vereshchagin, Mrusi, huyo hana fumbo. Kamchora Jenerali Skobelev baada ya ushindi wa Warusi kule Shipka, Bulgaria, 1878: mbele yako theluji na maiti, maiti, halafu kule mbali kabisa mtu mdogo kama nzi juu ya farasi mweupe anapunga kofia na askari wanarusha zao. Huyo nzi ndiye mkubwa wa shughuli. Meissonier, Mfaransa, naye 1864 kamchora Napoleon kwenye tope na theluji, picha yenyewe haifiki mita moja upana, na nyuma majenerali hoi, mmoja anasinzia. Nyota walikuwa nazo za kutosha hao.

Turudi kwa babu. Kwenye ile picha nyuma yake kuna kuruta, nusu kakatwa na fremu, kasimama wima, kidole gumba kimeganda kwenye mshono wa suruali, na jicho linamwibia sajenti kwa pembeni. Ukimwona huyo huhitaji kuuliza babu alikuwa nani. Mteja anataka nimtoe, eti anaharibu picha. Nimemwambia kumtoa ni bei ya picha mbili.