Kilichomo ndani ya mtungi wa upepo

Kijana anayejaza mitungi ya wazamiaji kule Nungwi, Unguja, aliushika mkono wangu akauweka kwenye shingo ya mtungi uliokuwa ukimalizikia kujaa. Nikautoa upesi. Mtungi wenyewe ulikuwa umesimama ndani ya hodhi la maji, lakini ile sehemu iliyobaki juu ilikuwa moto kama birika lililoteremshwa jikoni sasa hivi. "Acha upoe, kaka, utaona geji itashuka yenyewe," akaniambia. Geji ilisoma bari 210. Asubuhi ya pili ilikuwa chini kidogo ya 200, na hakuna hata povu moja lililokuwa limetoka kwenye koki.

Joto lile ndilo ufunguo wa kuielewa hewa iliyoshindiliwa. Hewa iliyoshindiliwa ni hewa hii hii tunayoivuta, iliyotiwa kwa nguvu mahali pasipoitosha. Bari moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka hapa pwani (skuli tulifundishwa kuiita kanieneo). Kwa hiyo mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 umemeza kiasi cha lita 2,400 za hewa ya nje. Na hewa ina uzito: hizo ni karibu kilo tatu. Wazamiaji wanalijua hilo mwilini, maana mtungi wa alumini ukikaribia kwisha huanza kutaka kuelea.

Kuitia humo kunahitaji kazi, na kazi hiyo imefanywa na kompresa iliyokula umeme. Sasa, umeme ule umekwenda wapi? Wengi watajibu kwamba umo mtungini. Mimi pia ningejibu hivyo kabla ya kuunguza vidole. Lakini kazi ya kushindilia hewa hugeuka joto, kama unavyoona pampu ya baskeli inavyopata moto, na joto lile kijana wa Nungwi amelimwaga kwenye hodhi. Mtungi ukishapoa, chembe za hewa ndani yake zinakwenda mbio zile zile za chembe za hewa ya barazani. Ukihesabu joto peke yake, kilo tatu za hewa ya mtungini hazina utajiri wowote wa maana kuzidi kilo tatu za hewa ya nje.

Kilichowekwa akiba ni tofauti: huku chembe zimesongamana, kule zimetawanyika. Ni kama maji ya tangi la juu ya paa. Ni maji yale yale ya kisimani, ila yako juu na yanataka kushuka. Hewa nayo inataka kutoka, na ukiipangia njia itasukuma pistoni, itazungusha mashine. Nguvu ya kusukuma huipata kwa kutumia joto lake yenyewe na kunyonya la vitu vilivyo jirani. Ndiyo maana ukiufungulia mtungi kwa kasi, koki hupoa hata ikatoka jasho la umande, tena kwa unyevu wa hewa yetu huu haichukui muda. Gunia la makaa limebeba moto wake ndani. Mtungi umebeba ruhusa tu, ruhusa ya kuligeuza joto la mazingira kuwa kazi.

Ruhusa hiyo ni kubwa kiasi gani? Mtungi wa lita 12 wenye bari 200, hewa yake ikitoka polepole bila kupoa, inaweza kufanya kazi ya takriban megajouli moja. Kazi hiyo inatosha kunyanyua gari ya tani moja mita 100 kwenda juu, na mtu akisikia hivyo hushika kichwa. Lakini igeuze iwe umeme wa Tukuza, ule tunaoununua kwa uniti kabla ya kuutumia: haifiki hata theluthi ya uniti moja. Mafuta ya taa yenye nishati hiyo hiyo ni kama vijiko viwili vya chakula. Kwa hiyo anayeota gari la kwenda kwa upepo mtupu kutoka Mjini hadi Makunduchi, ajiandae kubeba mitungi mingi.

Wapo waliojenga akiba ya namna hii kwa ukubwa. Huntorf, Ujerumani, tangu 1978 wanashindilia hewa ndani ya mapango mawili yaliyochongwa kwenye chumvi chini ya ardhi, umeme ukiwa mwingi, kisha wanaifungulia ukipungua. McIntosh, Alabama, ilifuata 1991. Kwa kuwa joto la kushindilia limeshatupwa, pote pawili inabidi wachome gesi kuipasha hewa moto kabla haijafika kwenye tabo, ile mashine inayozungushwa na hewa ili kutoa umeme. Umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, akiba kama hiyo tungeimaliza ndani ya siku chache tu. Na pango la Mangapwani lisikutie tamaa; lile ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu.

Kama nishati yenyewe ni vijiko viwili, hofu ya nini? Hofu ni ya mwendo wake. Mafuta yale kwenye kandili yanaungua taratibu, usiku unakwenda. Mtungi ukipasuka unamaliza kila kitu kufumba na kufumbua, na vipande vya chuma ndivyo vinavyobeba nishati hiyo. Ndiyo maana mitungi hupimwa uimara kwa maji, wala si kwa hewa. Maji hayakubali kushindiliwa ila kidogo mno, kwa hiyo kwa presha ile ile yanaweka nishati pungufu mamia ya mara. Mtungi wenye ufa ukishindwa mbele ya maji, hulowesha watu tu.

Kiasi kidogo nacho kina kazi zake. Waliokulia kwenye karabai wanakumbuka: unapiga pampu mara kadhaa, hewa inayabana mafuta, nayo yanapanda mpaka kichwani pa taa.

Fundi wa mipira wa mtaani kwetu ana tangi la lita 100 analolijaza mpaka bari 8. Ukubwa wake unatisha, ila nishati yake haifiki sehemu moja kwa nane ya mtungi wa Nungwi. Tatizo lake ni kutu. Hewa yetu ina maji. Ikishindiliwa na kupoa, maji yanabaki chini ya tangi na kula chuma kwa ndani, pasipoonekana. Tangi la mwanzo lilipotoboka alilipiga welding na kuendelea nalo, nami nikahamishia pancha zangu kwingine mpaka alipolitupa. La sasa analifungulia koki ya chini kila jioni kabla hajafunga. Maji yanayotoka bado ni ya rangi ya chai.