Kushusha paa la motokari ya zamani: kinachokatwa ni nini?

Hapa Lubumbashi, ukisema unakata paa la motokari yako, watu wanaelewa kwamba unataka kuliondoa lote ili upite barabarani kichwa kikipigwa upepo. Ndivyo alivyoelewa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliponikuta lupangoni, uani kwetu, nikipima Volkswagen ya marehemu baba kwa utepe na chaki. "Na mvua ya Januari utaifanyaje?" Ilibidi nimweleze kwamba paa linabaki. Linashuka tu.

Wamarekani huiita kazi hii chopu. Mimi napenda kusema kushusha paa, kwa sababu neno "kukata" linampeleka mtu mahali pasipo. Chuma kinachoondolewa kiko kwenye nguzo, yaani zile za mbele zinazoshika kioo kikubwa, zile za kati penye milango, na zile za nyuma. Kila nguzo hutolewa kipande kwa kimo kilekile, kisha sehemu ya juu huteremshwa ikae juu ya vibaki vya chini na kuchomelewa. Madirisha yanakuwa membamba, mwili wa gari unaonekana mrefu na mzito, na gari lote linakuwa kama mtu aliyeinamisha kofia machoni. Wengi hushusha inchi mbili hadi nne, yaani kati ya sentimita 5 na 10 hivi. Ukizidisha, dereva anakosa mahali pa kuweka kichwa, na akisimama kwenye taa za barabarani hazioni bila kuinama.

Chanzo chake ni mwendo kasi. Miaka ya 1930 vijana wa California walikuwa wakishindana kwenye maziwa yaliyokauka maji, kama Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 wakaunda chama cha kupima kasi za magari yao. Ford za wakati huo zilikuwa na paa la juu na kioo kilichosimama wima kama mlango wa nyumba. Gari likikimbia linasukuma hewa, na kadiri uso wake wa mbele ulivyo mkubwa ndivyo hewa inavyolirudisha nyuma zaidi. Kupunguza kimo cha kioo kulikuwa njia ya kupata kasi bila kugusa injini. Baada ya vita vya pili vya dunia kwisha mwaka 1945 watu wakaanza kuifanya kwa sababu ya sura. Gari lililopendwa sana kwa kazi hiyo ni Mercury ya 1949 hadi 1951, na inayotajwa kuliko zote ni ile ya Bob Hirohata, iliyotengenezwa katika karakana ya ndugu Sam na George Barris. Kwenye ile hawakuishia kushusha paa, waliondoa kabisa na nguzo za kati.

Kuna kazi nyingine tatu ambazo watu huzichanganya na hii. Kuondoa paa zima ni kutengeneza gari la wazi. Kukata ukanda katikati ya mwili, chini ya madirisha, ni kupunguza unene wa mbavu. Kuteremsha mwili mzima juu ya fremu, au kulegeza springi, kunalileta gari karibu na ardhi. Yote hayo yanaweza kuacha madirisha na kimo chake cha zamani. Ukiona gari limelala chini lakini vioo ni virefu, paa halijashushwa.

Sasa ugumu wenyewe, na hapa ndipo nataka msomaji atulie kidogo.

Kama nguzo zimesimama wima, kama kwenye Ford A ya 1928 hadi 1931, kazi inaeleweka hata kwa anayeanza, maana kipande kikitoka, cha juu kinashuka moja kwa moja juu ya cha chini. Lakini nguzo za magari mengi yaliyokuja baadaye zimelala. Za mbele zinaegemea nyuma, za nyuma zinaegemea mbele, na zote zinaingia ndani kidogo kadiri zinavyopanda, kama kuta za piramidi. Piramidi ukiitoa ukanda katikati, kilele chake hakitoshi tena juu ya kitako. Chukua nguzo ya mbele iliyolala nyuzi 30 kutoka wima. Ukishusha sentimita 8, ncha ya juu inatua sentimita 4.6 nyuma ya ncha ya chini. Nyuma ya gari pengo la namna hiyo linatokea tena kwa upande wa pili, na pembeni pia, kushoto na kulia.

Hapo fundi ana njia mbili. Anaweza kuzikata nguzo sehemu ya chini na kuzilaza zaidi mpaka zikutane na paa, na kioo nacho kitalala zaidi. Au anaweza kulikata paa lenyewe, mara nyingine kwa umbo la msalaba, akavivuta vipande vinne kila kimoja upande wake na kujaza mapengo kwa bati jipya. Hii ndiyo iliyonishangaza nilipoanza kujifunza: paa linapokatwa katika kazi hii, hukatwa ili likue.

Toliye mmoja, yaani fundi wa bati, wa mtaa wa Kenya hapa mjini, mzee anayenyoosha mabawa ya magari tangu nikiwa mtoto, aliniuliza swali moja kabla sijagusa mashine ya diski. "Mwanangu, ukiishakata, ni nini kitakachokumbuka umbo la gari?" Maana yake ni kwamba mwili wa gari unashikwa na paa. Ukizikata nguzo zote bila maandalizi, milango haifungi tena. Kwa hiyo kabla ya kukata unachomelea mabomba ya mraba ndani, kutoka ubavu hadi ubavu na kwa mshazari, unapima kila kona na kuandika, unahakikisha gari limekaa sawa kwa pimamaji. Mimi nilitumia majuma mawili kwa mabomba tu, na sioni aibu. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na mikono yake inajua chuma. Watoto wanaona mbabula, yale majiko ya makaa, zikichongwa kutoka mapipa ya zamani kando ya barabara. Lakini bati la gari lina unene wa karibu milimita moja tu. Ukilichomelea kwa mstari mmoja mrefu, joto linalipinda kama jani kavu. Unaweka nukta hapa, nukta kule, unasubiri lipoe, unarudi.

Zamani maungio yalisawazishwa kwa risasi, ile metali laini, iliyoyeyushwa, ndiyo maana Wamarekani waliyaita magari hayo kwa jina la sled ya risasi (sled ni chombo cha kuteleza juu ya theluji). Moshi na vumbi lake ni sumu. Leo kuna mastiki, ule uji mzito wa kuzibia bati unaokauka ukawa mgumu, ila mastiki ya unene wa kidole haifichi kazi mbaya kwa muda mrefu. Mashimo ya barabara zetu yataipasua.

Halafu kuna vioo, na hapa wengi wanakwama wakiwa wameshakata. Kioo kigumu, kile kinachovunjika kuwa punje ndogondogo, hakikatiki. Ukikigusa kwa almasi ya kukatia, kinalipuka chote. Vioo vya pembeni na vya nyuma mara nyingi ni vya aina hiyo. Kioo cha tabaka mbili zenye utando katikati kinakatika, na kikiwa bapa, fundi wa vioo anaweza kukichonga kipya kwa kiolezo cha kartoni. Kikiwa kimepinda, kazi inakuwa ngumu na cha kwanza huenda kikapasuka. Kwa kioo cha nyuma, wengi hukiacha kizima na kukilaza, kisha wanalijengea bati mahali papya.

Volkswagen yangu ni ya 1962, na kioo chake cha mbele ni bapa. Ndiyo sababu nilithubutu. Nimeshusha sentimita 6, nguzo za mbele nimezilaza, paa nimelipasua kwa urefu na kuliongeza ukanda. Milango inafunga. Kiolezo cha kartoni kimekaa penye kioo tangu Jumapili, nimekikata mara tatu, na pembe ya juu kushoto bado inaachia milimita nne. Sitakipeleka kwa fundi wa vioo mpaka pengo hilo lifunge, na hilo litanirudisha kwenye nguzo.