Kuhama Tabora kwenda Kigoma: tunayoambiana kuhusu watu wa mizigo, na ukweli wenyewe

Nilihama Isevya kwenda Katubuka nikiwa naamini karibu yote haya, naandika ili wewe yasikukute.

"Tukishapatana bei kwenye simu, imeisha hiyo."
Hapana jamani, hapa ndo watu wengi wanapopigwa. Dereva anakwambia laki nane mpaka mlangoni, unafurahi, asubuhi anakuja na Fuso, vijana wanapakia kitanda, friji, makochi, wakishafunga turubai na kamba ndo anaanza, ooh sikujua mzigo mkubwa hivi, ooh mafuta yamepanda, ongeza laki mbili la sivyo nashusha. Ushushie wapi wakati mwenye nyumba umeshamrudishia funguo? Mimi nilipigiwa simu gari limeshafika Kaliua, tuma hela ya njiani ndo tuendelee, na wanangu walikuwa wameshatangulia na treni wanalala kwenye mkeka. Nilituma, ningefanyaje.

Ukweli ni kwamba maneno matupu hayana nguvu kwa mtu aliyeshika vyombo vyako. Mwite aje auone mzigo, au mrekodie video chumba kwa chumba, hata stoo na vile vya uani maana ndo vinaletaga ugomvi. Halafu andikeni: bei yote, nani analipa wapakiaji na washushaji, mafuta na gharama za njiani za nani, siku ya kufika, na orodha ya vyombo kimoja kimoja. Msaini wote, na shahidi awepo, mwenyekiti wa mtaa anatosha kabisa. Hela usitoe yote, toa ya kuanzia safari, inayobaki apewe mzigo ukishashuka na umeuhesabu.

"Gari lina stika ya bima, basi vyombo vyangu viko salama."
Bima ndogo inalipa wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na hilo gari, bima kubwa inaongeza gari lenyewe. Tivii yako iliyopasuka kwenye makorongo haimo humo. Bima ya mizigo safarini inakatwa peke yake, mwambie akuonyeshe. Kama hana, vyeti, laptopu na dhahabu safiri navyo mwenyewe.

"Bei ikiwa chini sana ni tapeli tu."
Sio lazima. Kuna malori yanaleta dagaa na mawese Tabora halafu yanarudi Kigoma matupu, huyo dereva akikupunguzia ni halali yake kwa sababu safari ya kurudi ipo hata bila wewe. Wa kumuogopa ni yule wa bei rahisi anayetaka advansi leo leo na gari hujaliona, anakutumia picha tu, na picha mtu yeyote anaweza kuzitoa mtandaoni. Nenda kalione gari lilipo. Piga picha namba yake, kadi ya gari na leseni ya dereva. Namba nyeupe ndo ya biashara, ya njano ni gari binafsi, na gari la kubeba mizigo ya watu kibiashara linatakiwa liwe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Ukituma hela kwa simu soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, likiwa tofauti na la kwenye karatasi yenu simama hapo hapo uulize.

"Dalali anamjua dereva, yeye ndo dhamana."
Dalali anachokijua ni kamisheni yake. Mzigo ukipotea atakwambia alikuunganisha tu. Saini na mwenye gari.

"Wana ofisi na fulana, hao ni kampuni."
Fulana zinachapishwa popote. Jina la kampuni litafute mtandaoni BRELA, wanaosajili makampuni, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine, ambayo unaweza kuihakiki TRA.

"Ukishatapeliwa ndo basi."
Piga simu kwa mtandao wako haraka waombe kuzuia hiyo hela kabla haijatolewa. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni, na hapo ndo ile karatasi na picha za namba ya gari zinakusaidia. Meseji ya tapeli na namba yake tuma kwenda 15040, ni bure.