Namba Nzuri, Jeli Mbaya

Mara tatu nilipeleka sampuli ya plasmidi, yaani DNA ndogo ya mviringo kutoka kwa bakteria, ikasomwe mfuatano wake, na mara tatu majibu yakarudi hafifu, hayasomeki. Nilibadilisha praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji), nikabadilisha bafa (myeyusho wa chumvi), nikabadilisha hata maji. Sampuli yenyewe sikuishuku, kwa sababu spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, ilikuwa imenipa nanogramu 850 kwa kila mikrolita, mavuno ya kumfanya mtu atabasamu, na uwiano wa ufyonzaji kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280, kipimo cha usafi, ulikuwa 1.97. Daftarini niliandika "safi".

Jeli, ambamo umeme huvuta vipande vya DNA na kuvitenganisha kwa urefu, niliipitisha mwisho kabisa. Juu palikuwa na mstari mwembamba wa plasmidi, wa kukodolea macho ndipo uuone. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na wingu zito linalong'aa. Wingu lile lilikuwa RNA, ndugu wa DNA aliyemo katika kila seli. Hatua ya kuweka kimeng'enya kinachokula RNA ilikuwa imeshindikana, na karibu namba yote niliyoifurahia ilikuwa ya RNA.

Mashine haikukosea. Ilijibu swali nililoliuliza: je, sampuli hii inafyonza mwanga kiasi gani? Besi za DNA hufyonza mwanga wa urujuanimno, na kilele chake kiko kwenye nanomita 260 hivi. Besi za RNA nazo hufyonza papo hapo. Hata nyukliotidi, yaani vijenzi vya DNA na RNA, moja moja zinazoelea peke yake hufyonza hapo. Mwanga ukishapita kwenye kimiminika, kinachobaki ni jumla. Kwa desturi, ufyonzaji wa 1.0 katika sentimita moja ya njia ya mwanga huhesabiwa kuwa mikrogramu 50 za DNA ya nyuzi mbili kwa mililita, au 40 zikiwa za RNA. Nilichagua DNA kwenye skrini, mashine ikazidisha kwa 50. Basi.

Ule uwiano nao ulikuwa umenidokeza, ila sikuusikiliza. DNA safi hutoa karibu 1.8 na RNA karibu 2.0. Wengi tumefundishwa kuogopa namba ya chini, kwamba ikishuka kuna protini, na kuishangilia ya juu. Ukweli ni kwamba uwiano huo ni shahidi dhaifu wa protini. Uzito kwa uzito, DNA hufyonza mwanga kuliko protini kwa mbali sana, kwa hiyo protini inaweza kuwa nyingi kwenye sampuli ya DNA na uwiano usitikisike sana. Fenoli, kemikali ya kuondolea protini, ni mbaya zaidi: kilele chake kiko karibu na 270, katikati ya namba mbili unazolinganisha, hivyo huharibu kiasi na usafi kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi namba mbili hazinitoshi. Naangalia mchoro wote kuanzia 220 hadi 350. Kilima cha DNA safi hushuka kwenye bonde karibu na 230, kikapanda hadi 260, kisha kikateremka hadi karibu sifuri kwenye 320. Bonde likiwa limefukiwa, najua kuna chumvi za uchimbaji au mabaki mengine. Na usomaji ukibaki juu kwenye 320, ambako DNA haina la kufyonza, kimiminika kina chembe zinazotawanya mwanga, au kuveti, kichombo cha kupimia, ni chafu.

Jeli huuliza swali jingine kabisa: vipande vilivyomo vina urefu gani? Kila fosfeti kwenye uti wa DNA hubeba chaji hasi, kwa hiyo uzi ukiongezeka urefu, chaji huongezeka kwa kiwango kilekile. Matokeo yake hushangaza wengi wanapoyasikia mara ya kwanza: ukiweka umeme kwenye kimiminika kitupu, DNA ndefu na fupi huenda karibu mwendo mmoja. Umeme husukuma tu. Kazi ya kutenganisha ni ya wavu wa agarosi, dutu ya mwani inayotengeneza jeli, ambamo uzi mfupi hupenya upesi na mrefu hujipenyeza kichwa mbele, kama nyoka kwenye nyasi nene. Nyuzi zikizidi jozi za besi 20,000 hivi, zote huanza kutambaa namna hiyo na kwenda sawa, na jeli ya kawaida haizitenganishi tena. Mwaka 1984 wanasayansi Schwartz na Cantor walitoka kwenye mkwamo huo kwa kubadilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya muda: uzi mrefu huchelewa kugeuka kuliko mfupi.

Sehemu ninayoipenda ni kupakia sampuli kwenye vishimo vya jeli. Ncha ya pipeti inaingia majini, juu kidogo tu ya mdomo wa kishimo, bila kugusa sakafu yake. Unabonyeza polepole, na rangi ya bluu inazama yenyewe hadi chini kwa sababu ya uzito wa gliseroli uliyoichanganya. Ikipanda juu kama moshi, gliseroli ilisahaulika. Kisha nyaya, na hapa nawasihi wanafunzi wangu wote: usiondoke kabla hujaona mapovu. Kwenye waya hasi hutoka haidrojeni, kwenye chanya oksijeni, na upande hasi huwa na mapovu mara mbili zaidi. DNA hukimbilia chanya, penye waya mwekundu. Ukigeuza nyaya, itatoka nyuma ya jeli na kupotelea kwenye bafa.

Protini hazina utii wa DNA. Moja ina chaji hasi, nyingine chanya, nyingine imejikunja kama ngumi. Kwa hiyo tunazichemsha na SDS, sabuni inayojishikiza kwa wastani wa gramu 1.4 kwa kila gramu ya protini, ikazikunjua na kuzivika zote chaji hasi. Kwa mfumo wa jeli aliouchapisha mwanasayansi Laemmli mwaka 1970, ukubwa ndio unaobaki kuamua mwendo. Karibu kila mara, si kila mara. Protini maarufu ya p53 ilipata jina kwa sababu kwenye jeli ilionekana kuwa na uzito wa kilodaltoni 53. Uzito wake halisi ni karibu 44. Sehemu yake yenye prolini nyingi huichelewesha, na jina limebaki hivyo hadi leo.

Mfano ninaourudia zaidi darasani ni wa mwaka 1949. Mkemia Linus Pauling na wenzake Itano, Singer na Wells walichukua himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya wagonjwa wa seli mundu na ya watu wasio na ugonjwa huo, wakazipitisha kwenye kifaa cha Arne Tiselius, Mswidi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Hakikuwa na jeli. Umeme ulipita kwenye kimiminika, na mipaka ya protini ilionekana kwa jinsi ilivyopinda mwanga. Himoglobini hizo mbili zilikwenda tofauti, na waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu walikuwa nazo zote mbili. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti ni asidi amino moja: asidi glutamiki yenye chaji imeachia nafasi valini isiyo na chaji.

Sasa fikiria wangetumia SDS. Sabuni ingeifunika chaji hiyo, na mistari ingesimama mahali pamoja. Wangepima ufyonzaji tu? Himu, sehemu ya himoglobini inayoipa rangi nyekundu, ni ileile, kilele ni kilekile karibu na 415 damu ikiwa na oksijeni. Ugonjwa ungekuwa mbele ya macho yao na vifaa vyote viwili vingesema hakuna tofauti. Walifanikiwa kwa sababu walikuwa na swali la chaji na kifaa kinachosikia chaji.

Ile plasmidi niliitia kimeng'enya kipya cha kula RNA, lakini sikuipima mara moja, maana RNA iliyotafunwa huacha nyukliotidi ambazo mwanga bado huziona. Niliitenga na kimiminika upya kwa ethanoli, nikaiosha, ndipo nikaipima: nanogramu 90. Tangu hapo kila sampuli mpya huipa mchoro wote wa mwanga kwanza. Kisha napakia kiasi ambacho kwa namba hiyo kingepaswa kuwa nanogramu 100, kando ya ngazi, yaani mchanganyiko wa vipande vya DNA vya kulinganishia, ambayo kila mstari wake una kiasi kinachojulikana. Nalinganisha ung'avu kwa macho. Namba ya mwanga ikiwa zaidi ya mara mbili ya ile ninayoiona kwenye jeli, sampuli inarudi kusafishwa kabla haijaenda popote.